Pensheni Niliyompa Cucu

Ujinga wangu ulikuwa kumfanya cucu, nyanya yangu, bosi wa serikali.

Siku hiyo karani alikuja kwetu Munyaka na tableti, akiandikisha wazee watakaolipwa na serikali pesa za uzeeni. Cucu anaelewa Kikuyu peke yake, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa natafsiri. Karani akauliza, "Mama ana pensheni nyingine yoyote?"

Cucu ameuza sukuma wiki maisha yake yote. Lakini mimi nikajibu, "Huyu? Alikuwa mkubwa serikalini! Pensheni inaingia kila mwezi!" Nikacheka. Cucu naye akacheka, kwa sababu mimi nilicheka. Karani hakucheka. Alibonyeza tu, akaenda nyumba ya pili.

Wazee wa ploti yetu walipoanza kulipwa, cucu alivaa sweta yake ya kanisa akaenda na mama kwa chifu. Waliambiwa mwenye pensheni hastahili, na kama kuna makosa wangoje uandikishaji mwingine. Utakuwa lini? Hakuna aliyejua.

Cucu alirudi akaketi kitandani, sweta bado mwilini. Alichotaka ni kuacha kumwomba mama pesa ya dawa ya magoti, basi. Akaniuliza mimi, mtafsiri wake, ni swali gani alikosea kujibu hadi akaandikwa ana pensheni.

Nilimfuata mama jikoni nikamwambia yote. Hakunichapa, na heri angenichapa. Alifunika sufuria, akasema, "Usimwambie. Wacha akasirikie serikali, hiyo imezoea. Wewe ndiye mtu anayemwamini."