Mwongozo wa Swali la Saba

Bi Nusu tulimbatiza jina hilo sisi wenzake, maana alama nzima ilimtoka kwa shida. Alifundisha historia miaka ishirini na miwili, na kila likizo ya mitihani tulikuwa naye bwaloni, madawati yameunganishwa, kila mwalimu na swali lake moja. Mimi nilisahihisha la sita, yeye la saba, ndilo la mwisho. Karatasi ikitoka kwangu inaingia kwake, naye anajumlisha. Nilimzoea hadi anavyoguna.

Mwaka ule mwongozo wa kusahihishia swali la saba aliuandika mwenyewe. Mtahiniwa alitakiwa kutathmini uongozi wa rais aliyepita, hoja tano, alama kumi. Bi Nusu akaweka zake tano: chama kilipoteza mitaa, kikapoteza miji, kikapoteza nusu ya wabunge, kikagawanyika, na rais mwenyewe akabwagwa kwenye uchaguzi mkuu. Basi. Nje ya hapo, sifuri. Tuliusoma, tukatazamana, tukaanza kusahihisha kama mazuzu. Kila mtu alijua mumewe alikuwa mbunge. Rais yule alifuta magari ya wabunge akajenga zahanati kila kata, chama kikamgeukia, na katika vurugu hizo mume akapoteza kiti. Sasa saa nne asubuhi Bi Nusu akisema, "Mheshimiwa bado kalala," ujue hatanii.

Siku ya tano karatasi moja ikamkwama mkononi.

"Vipi dada, mwandiko wa kuku?" nikamchokoza.

Akanisogezea. Mtahiniwa alikuwa na hoja tatu, zote za zahanati. Ya kwanza ilisema: "Mama alizaa wanne kabla ya zahanati, tukabaki wawili. Baada ya hapo kazaa watatu, wote wapo, mimi ndiye ninayewapeleka shule." Chini kabisa aliandika: "Uchaguzi alishindwa yeye. Zahanati tunaitumia sisi."

Nikaangalia jalada. Maswali sita yalikuwa yamempa thelathini na tano. Kufaulu ni arobaini.

"Mpe sita zake, yaishe," nikamnong'oneza. "Kiongozi wa usahihishaji anakagua kila karatasi ya kumi, na hii si ya kumi."

"Nikimpa huyu peke yake, wenzake je?"

"Ukigusa mwongozo tunarudia karatasi zote, dada yangu. Elfu moja na mia tatu! Na wewe watakufuta kwenye orodha, usirudi tena humu."

Alikaa na kalamu yake nyekundu mkononi, uso umemkunjamana, nikadhani anamkasirikia mtoto wa watu. Kumbe wapi. Akasimama, akagonga dawati.

"Swali la saba limekosewa. Nimelikosea mimi."

Kiongozi wetu, mzee mmoja mkavu asiyependa maneno, akavua miwani. "Limekosewa vipi, mwalimu?"

"Niliandika ya nyumbani kwangu."

Watu wakalalama, "Mungu wangu, siku tatu nyingine!" Mmoja akasonya hadharani, na mimi, nisiseme uongo, nilisonya moyoni. Nilikuwa nimeshapanga safari. Lakini mwongozo ukaandikwa upya mchana uleule: hoja za kura zinakubalika, na hoja za hali ya wananchi zinakubalika. Kiongozi akamwita pembeni, wakaongea dakika mbili. Aliporudi aliniambia mwakani nitafute jirani mwingine. Alisema kama mtu anayeagiza sabuni.

Karatasi ile ikapata arobaini na moja. Nikamwambia hongera, akaguna, tukaendelea. Nami sikuwa na kazi tena ya swali la sita, kwa hiyo nilimfungulia mabunda yake, yale aliyokwisha kuyasahihisha mwenyewe. Ya kwanza tu, zahanati. Ya nne, zahanati. Ya saba, kisima na zahanati. Kando ya kila moja sifuri nyekundu, ya duara safi, ya mkono wake. Hadi jioni ya siku ya pili tulikuwa tumekuta hamsini na nane, na watahiniwa kumi na mmoja walikuwa wamefelishwa na sifuri hiyo.

Bi Nusu akaweka kalamu chini. Machozi yalikuwa yakimtoka, hakuyafuta.

"Hizi zote nilizisoma, kaka," akasema. "Moja moja. Nilizisoma."