Breki ya Pikipiki ya Harerimana

Pale njia panda ya Kibondo, barabara ya Mabamba inapochepuka, watu walizoea kusema kwamba Nduwayezu huujua ugonjwa wa baiskeli kabla mwenye baiskeli hajashuka. Ilikuwa kweli. Akisikia krenki ya pedali inalia kutoka mlimani, tayari ameshika spana yake, na mkulima akifika na mikungu yake ya ndizi anaambiwa tatizo badala ya kuulizwa. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni mwa mama, na hawakumwachia shamba wala ng'ombe. Jina la fundi alijijengea mwenyewe, miaka ishirini na sita, chini ya bati lile lile.

Kisha zikaja pikipiki. Wakulima waliokuwa wakisukuma baiskeli kilimani wakaanza kumpita wamekaa, ndizi zimefungwa nyuma, wakimpungia mkono. Na miaka miwili iliyopita, ng'ambo ya barabara, kijana mmoja kutoka Kasulu aitwaye Saady akafungua gereji ya pikipiki.

Wiki ya kwanza tu Saady alivuka kuja kumwamkia. Alimwita mzee wangu, akaisifu mikono yake, akamweleza waziwazi kwamba kazi inamzidi: angependa washirikiane, na kwa miezi mitatu angemfundisha kufungua injini. Nduwayezu alimsikiliza huku akimpima kwa macho. Nani anagawa chakula chake wakati bado ana njaa? Kesho yake alipoitikia mwaliko alipewa kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni, na Saady hakukionja. Huku Buha, anayekupa kinywaji hupiga funda moja mbele yako, ujue hakuna kilichofichwa ndani. Saady, ambaye babu yake alitoka pwani, huenda hakuijua desturi hiyo, na Nduwayezu alilifikiria hilo vizuri kabisa. Hata hivyo alikiweka kikombe chini, akaaga kwamba ana baiskeli ya watu inamngoja.

Tangu hapo akawa anatafuta hila. Mara aliona kijana anakitaka kibanda chake kilichokaa penye wateja. Mara anawataka wale wa baiskeli waliobaki, ingawa walikuwa wa kuhesabika. Siku nyingine aliamini kwamba Saady anataka jambo moja tu: mji mzima upite umwone Nduwayezu, mtu wa miaka hamsini na minne, amechuchumaa akiosha vyuma kwa petroli, kazi anayopewa anayeanza.

Mkewe Pelagia aliyasikiliza hayo jioni baada ya jioni, akimenya mihogo. Mwishowe alichoka.

"Baba Nadine, mtoto wa watu unamwonea bure. Wewe unachoogopa ni kushika spana ukaambiwa siyo hiyo."

Alimnunia siku mbili. Lakini kuanzia wiki hiyo alianza kujifunza kwa kuibia. Alifunga rimu ya baiskeli kwenye stendi yake, akawa anaizungusha kana kwamba anainyoosha, na macho yake yako ng'ambo. Saady akiinua uso, rimu inazunguka. Mwezi mzima rimu ikawa hiyo hiyo, hadi waendesha bodaboda wa pale njia panda wakaanza kuulizana kama mwenye baiskeli amekufa au amehama.

Siku moja ya gulio Saady alikwenda Kasulu kununua vipuri. Mchana akatokea Harerimana, mfanyabiashara wa ndizi wa Mabamba, aliyekuwa mteja wa Nduwayezu tangu enzi za baiskeli. Sasa alipanda pikipiki, na breki yake ya nyuma ilikuwa inalia kama nguruwe anayefungwa kamba. Alikuta gereji imefungwa, akavuka barabara.

"Fundi, na hizi siku hizi unazishika?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: msubiri Saady. Lakini pembeni walikaa waendesha bodaboda watatu, na Nduwayezu aliona, au alidhani ameona, mmoja akimkonyeza mwenzake.

"Ilete," akasema.

Gurudumu alilifungua bila shida, maana nati ni nati. Ndani akakuta viatu viwili vya breki, vile vipande vinavyobana gurudumu lisimame, vikavu, vinakwaruza. Kwa fundi baiskeli chuma kikavu kinacholia kina kiu, na dawa yake anaijua hata akiwa amefumba macho. Alichukua dumu la mawese anayopaka krenki na cheni, akavipaka viatu vyote viwili, akarudishia. Kelele ikaisha papo hapo. Harerimana alimsifu mbele ya wale watatu, na kwa kuwa mjini ni tambarare hakuhitaji kubana breki kwa nguvu. Aliondoka anapiga honi. Mchana ule Nduwayezu alijihisi kijana.

Habari ilifika kabla jua halijazama. Kwenye mteremko wa kuingia Mabamba breki ya nyuma ilikataa kushika, Harerimana akaacha barabara na kutua katikati ya shamba la mihogo. Bega lilikuwa limeteguka.

Mdomo wa Nduwayezu ukawahi kabla ya moyo. Aliwauliza waliokuwepo: gurudumu lile, mwezi uliopita, lilifunguliwa na nani? Hakutaja jina. Hakukuwa na haja; kila mtu alijua Harerimana hutengenezewa pikipiki na Saady. Kufikia asubuhi swali lake lilikuwa limezunguka mji mzima, na watu wawili waliokuwa wanaelekea gereji ya Saady waligeuza pikipiki zao.

Pikipiki ililetwa kwa Saady juu ya gari la mizigo. Kutoka kibandani kwake Nduwayezu alimwona kijana akilitoa gurudumu, akisogeza pua, akinusa. Mawese hayafichiki. Saady aliinua uso, akamtazama kitambo, kisha akachukua kitambaa na kuanza kufuta.

Ukimya ule ulimtesa Nduwayezu kuliko matusi. Ananiwekea, alijiambia. Anangoja gulio lijae, aniaibishe vizuri.

Gulio lilipojaa, aliyefika ni Harerimana, mkono umening'inizwa kwa kitenge shingoni. Alimfokea Saady mbele ya watu kwamba ndiye aliyeiharibu breki mwezi uliopita, akasema mwenye pikipiki yeyote Mabamba atamweleza asikanyage hapa, bora aende hadi Kasulu. Saady alisimama na spana mkononi, ameinamisha kichwa. Nduwayezu alimsubiri anyooshe kidole kuvuka barabara. Kidole hakikunyooka. Watu walianza kuguna, na mmoja akaanza kuisukuma pikipiki yake kuondoka.

Nduwayezu alivuka barabara.

"Harerimana, ni mimi. Nilipaka mawese kwenye breki."

"Mawese?" Harerimana alimtazama. "Fundi, ulikuwa unairekebisha au unaikaanga?"

Watu wakacheka. Harerimana hakucheka. "Ulikuwa hujui. Kwa nini hukuniambia hujui?"

Nduwayezu alimgeukia Saady, akamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini alinyamaza ilhali aliyanusa mawese.

"Ningesema, nani angeniamini, mzee wangu? Wangesema mgeni anamsingizia mzee amnyang'anye wateja. Hata wewe ungesema hivyo."

Ilikuwa kweli, angesema hivyo. Kumbe naye kijana alikuwa ameishi ng'ambo ile akimhofia yeye.

Saady aliinama, akaokota viatu vya breki vilivyoharibika, akamwekea kimoja kiganjani. Nduwayezu aliuchunguza uso wa kijana, akitafuta dharau. Hakuiona, ila hakuacha kuitafuta. Waendesha bodaboda walikuwa wamesogea karibu, wale wale watatu.

"Hiki," akauliza, "kama hakipakwi mafuta, kikilia kinafanywaje?"

Mmoja wao aliangua kicheko, na jibu la Saady likamezwa humo. Masikio ya Nduwayezu yaliwaka. Alingoja kicheko kipungue, akachuchumaa kando ya beseni la petroli, akauliza tena.