Fundi Aliyesaga Mshono Wake

Jamani, kama kuna kitu kinanichefua ni kusikia redioni eti Simiyu haina mafundi wa kuchomelea. Juzi tena alikuwa anaongea meneja wa kile kiwanda cha mafuta ya pamba kinachojengwa njia ya Dutwa. Kwa sauti laini kabisa anasema wanatafuta watu wenye ujuzi, hawawapati. Nikazima redio. Wateja wakashangaa, mama Ngeleja, kulikoni? Nikawaambia kunyweni chai zenu.

Mimi ni Wilhelmina. Nauza chai na chapati hapa Bariadi huu mwaka wa kumi na nne, na ukuta wangu wa nyuma ndio ukuta wa karakana ya Masalu. Kwa hiyo ninachosema nakijua.

Zamani mle ndani walikuwa mafundi wanne. Kelele mpaka unaomba umeme ukatike. Salvatory akasikia Tanga wanalipa vizuri, akaenda. Kristofa akaacha mashine, akachukua bodaboda ya mkopo, akasema siku moja ya kubeba abiria inamlipa kuliko siku tatu za kuchoma chuma. Wa tatu sijui hata alipo. Akabaki Masalu, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole mpaka anaudhi. Geti la laki nne, ukitoa chuma, umeme na rodi za kuchomelea, na mteja anayelia bei mpaka dakika ya mwisho, linamwachia elfu thelathini. Na mwezi mzima anapata mageti mawili, matatu.

Mkewe, Minza, alivumilia sana. Mwaka juzi mwenye nyumba alipowatoa, alichukua watoto wao wawili akaenda kulima pamba kwa kaka yake, kijijini Nkoma. Hawakugombana. Walikubaliana kwamba siku Masalu akipata kazi ya mshahara atapanga vyumba viwili, nao watarudi. Masalu akahamishia godoro lake stoo, nyuma ya karakana.

Basi jioni akishafunga anakuja kwangu. Kikombe kimoja cha chai anakinywa saa nzima. Mimi naosha vyombo, nafagia, nafunika unga, yeye yupo tu. Siku moja nilikuwa nimechoka, nikamwambia, "Masalu, nenda kapumzike, baba."

Akaniambia, "Kule hakuna mtu, mama."

Mimi ni mjane, hayo maneno nayajua. Nikachochea tena mkaa, nikabandika chai nyingine.

Mwaka jana, mwezi wa nane, pamba imeshauzwa, kiwanda kikabandika tangazo. Wanataka mafundi ishirini, wenye vyeti, wenye uzoefu wa miaka mitano, kwa shilingi elfu kumi na nane kwa siku. Wenye vyeti wakacheka. Nani aache kazi Tanga, wanakolipwa mara tatu, aje kulala Bariadi kwa pesa hiyo? Hawakuja. Kampuni ikalegeza kidogo: hata asiye na cheti aje, afanyiwe jaribio.

Wengine walicheka, Masalu hakucheka. Kwake elfu kumi na nane ya kila siku ilikuwa vyumba viwili, na Minza ndani yake. Alinyoa ndevu. Akafua ovaroli yake akaianika kwenye uzio wangu, nami nikamfokea kwa kunichuruzishia maji kwenye kuni, lakini moyoni nilifurahi.

Siku ya jaribio, Jumatano, nilipeleka chupa zangu za chai pale getini kwao. Uzio ni wa waya, kila kitu unakiona. Wakampa vipande viwili vya chuma kinene, wakamwambia aviunganishe. Aliinama, akashusha kinyago chake, cheche zikaruka. Nimeishi na cheche za mafundi miaka yote hiyo, yule alikuwa anachoma vizuri. Hata vibarua walisimama kutazama.

Sasa sikilizeni. Hapa kwetu mteja akija kuchukua geti lake hatazami kingine. Anapitisha kidole kwenye maungio. Kidole kikikwama, anaanza, "Fundi, hii umeniharibia," na pesa anakata. Kwa hiyo fundi wa Bariadi akishachoma, anagonga uchafu, anachukua grainda, anasaga mshono mpaka uwe laini, usijue chuma kiliungwa wapi. Hiyo ndiyo sifa yake. Masalu ameifanya miaka ishirini. Na pale pembeni palikuwa na grainda, waliiweka ya kusafishia kingo kabla ya kuchoma. Akaichukua. Akasaga.

Alitoka mpaka getini kwangu, uso unang'aa, akampigia Minza simu hapohapo. "Mama Sayi, nimemaliza. Nimeiweka safi kabisa. Jumamosi njooni."

Nikamwambia, "We, subiri basi majibu." Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Minza aondoke.

Hajamaliza chai, akaitwa. Mkaguzi alikuwa kijana mmoja, Januarius, kutoka Dar. Alikishika kile chuma, akakigeuza, akauliza, "Mzee, nani amekwambia usage?"

"Nimesaga ili kiwe kizuri."

"Hatuangalii uzuri. Tunaangalia mshono ulivyotoka mkononi mwako. Ukishausaga, mimi sijui umeficha nini."

Masalu akasema, "Basi kikate, mhandisi. Kikate katikati uangalie ndani. Hutakuta tundu."

"Taratibu haziruhusu. Aliyesaga ameshindwa. Urudi baada ya miezi sita."

Sheria yenyewe ilikuwa imebandikwa pale ukutani, kwa Kiingereza. Nilishindwa kuvumilia. Nilipiga kelele pale kwenye uzio, "Kwa hiyo kuwaambia kwa mdomo kulikuwa kunawauma?" Mlinzi akanisogeza na chupa zangu. Na yule Januarius wala hakuwa mtu mbaya, nilimwona amekiweka kile chuma mezani polepole, akawa anakitazama.

Alhamisi nikamwambia Masalu, mpigie mkeo. Akasema atapiga. Ijumaa nikamwambia tena. Akasema salio limeisha. Nikamrushia la elfu moja. Hakupiga. Na mimi namba ya Minza ninayo, ningempigia. Nilijiambia hayo ni mambo ya mtu na mkewe. Mpaka leo najilaumu.

Jumamosi asubuhi na mapema Masalu akatoka, hakusema anakokwenda. Saa sita hiace ikasimama mbele ya kibanda changu. Godoro juu, ndoo, masufuria, kuku wawili wamefungwa miguu. Minza akashuka na watoto, amevaa gauni la kwenda kanisani.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, anatabasamu. "Baba Sayi ameshaingia kazini?"

Nikaitikia mwadila. Nikamkalisha, nikawapa watoto chapati, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alinyoosha mkono akawafungua kuku kamba ili wapumzike miguu.

Masalu alirudi jioni. Alikuwa amekwenda kule kiwandani kuomba kibarua, wakampa: kubeba vyuma na kuwashikia mafundi waliotoka mbali, elfu nane kwa siku. Alipomwona Minza alisimama mlangoni, kinywa wazi.

"Mama Sayi, nilikuwa..."

"Nimeuza mbuzi wangu," Minza akasema. "Kaka aliniambia ngoja, nikamjibu mume wangu hawezi kuniita bure. Kazi kukosa siyo dhambi, baba Sayi. Ungenipigia tu. Siku tatu hizi nimeaga kijiji kizima."

Walilala stoo wote wanne, siku mbili. Nauli ya kurudia nilitoa mimi, kwa sababu ile ya mbuzi ilishaishia kwenye hiace. Jumatatu Masalu alipandisha godoro juu ya gari mwenyewe, akafunga kamba, akaenda kubeba vyuma vya watu.

Anavibeba mpaka leo. Miezi sita ikapita, akarudia jaribio, hakusaga, akafaulu, wakamwambia kwa sasa nafasi za mafundi zimejaa, aendelee kusaidia. Na meneja yuko redioni!

Jioni bado anakuja kwangu. Siku hizi anapiga simu kila siku, haachi, na anaweka sauti ya nje, nami nasikia. Anayepokea ni Sayi, ana miaka saba. Baba yake anamuuliza shule, anamuuliza kama wamekula, kisha anamwambia, mpe mama.

"Mama yuko shambani," anajibu Sayi, hata giza likiwa limeshaingia, na nyuma yake tunamsikia Minza akiosha vyombo.