Siku Kumi za Watachoka

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Choma, huko Igunga, na viatu vipya visivyofaa zizini. Afisa Mifugo wa Wilaya hakuniuliza hata cheti. Alifungua kasha la barafu, lile sanduku tunalobebea chanjo, akanishika mkono na kuuzamisha ndani mpaka vidole vikafa ganzi.

"Ukisikia baridi hii, chanja," akasema. "Usipoisikia, rudi nyumbani. Chanjo iliyopata joto ni maji, na wewe utakuwa mwongo mwenye sindano."

Nilicheka kimoyomoyo. Baadaye nikahamishiwa Tura, ambako chanjo ilishuka na treni nami nikaisubiri stesheni kama anayempokea mkwe. Msimamizi wangu wa huko, mtu mkali kupita kiasi, hakutaka nisimame kusalimiana na watu kasha likiwa juani. "Salamu zako zitaua ng'ombe wa watu," alikuwa akinifokea. Katika utumishi wangu wote sikuharibu chupa hata moja. Niliharibu baada ya kustaafu.

Nilipostaafu nilihamia Kanyenye, hapa Tabora mjini. Nikakuta wazee wengi wanaishi na mbwa au paka tu, watoto wote wako mbali. Mzee asiyeweza kuinama hawezi kumtoa mbwa kupe, wala hana nguvu za kumburuta mpaka kwenye chanjo. Basi nikaanza kuwazungukia kwa kujitolea. Nilitoa kupe, nikakata kucha, nikagawa dawa ya minyoo, na kila mwaka nikawachanja wanyama wao dhidi ya kichaa cha mbwa kwa chanjo niliyopewa na ofisi ya mifugo.

Lakini kwa mzee huwezi kuchoma sindano ukaondoka. Utasalimia, utaulizwa habari za kila mtu, kisha utaletewa ugali. Siku moja nilikaa hivyo kwa mzee mmoja, nikala na kuongezwa, kasha nimeliacha uani. Kivuli kikahama. Nilipofika kwa Bibi Magdalena, nyumba ya mwisho, barafu ilikuwa maji na chupa ina uvuguvugu.

Bibi alikuwa amemshikilia mbwa wake tangu asubuhi, amemfunga kwa khanga yake. Mbwa huyo anaitwa Watachoka, jina alilompa kwa ajili ya majirani wasemaji. Niliona aibu kumwambia nitarudi kesho. Nikajidanganya kwamba huenda chanjo haijaharibika, nikachoma, nikaandika kadi, nikatia sahihi.

Miezi mitatu baadaye Watachoka alimng'ata Mzee Salum, fundi baiskeli wa jirani, aliyeingia uani bila kupiga hodi. Nilipoitwa nilimkuta na jeraha kwenye shavu la mguu. Nikamwosha kwa sabuni na maji mengi, huku Mtendaji wa Mtaa akitaka mbwa auawe papo hapo. Bibi akaingia ndani, akatoka na kadi.

"Huyu kachanjwa. Sahihi hiyo hapo, ya Bwana Mifugo mwenyewe."

Mtendaji akaisoma, akamrudishia Bibi. Mzee Salum akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi sindano za hospitali za nini? Nitafunga kitambaa tu."

Wote walinitazama. Ningenyamaza, mbwa angepona na jina langu lingebaki safi. Lakini kichaa cha mbwa kikishaanza kumwonyesha mtu dalili, hakuna daktari wa kukirudisha nyuma.

"Mzee Salum, nenda hospitali sasa hivi," nikasema. "Ile chanjo ilikuwa imepata joto. Nilijua, nikachoma."

Bibi Magdalena alinitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha, na hilo liliniuma kuliko matusi ya Mtendaji, ambayo hayakuwa machache.

Nilimwomba Mtendaji siku kumi. Mbwa akiwa na kirusi kwenye mate siku aliyong'ata, ndani ya siku hizo ataugua au atakufa. Akizimaliza mzima, hakumwambukiza mtu. Akakubali kwa sharti afungwe, na akionyesha dalili yoyote, auawe.

Kila asubuhi nilikwenda. "Shikamoo, mama." "Marahaba," basi, hata kiti sikupewa. Nilisimama mbali nikimwangalia Watachoka anavyokunywa maji. Mzee Salum alikwenda kwenye sindano zake, na akipita alichungulia ukutani: "Bado anakunywa?"

Siku ya tano hakunywa. Alijificha nyuma ya pipa, ugali umemkaukia. Kujificha ni dalili mojawapo, na Bibi aliisoma usoni kwangu.

"Utamwita Mtendaji?"

"Akifika kesho hivi, mama, nitamwita."

Akakaa chini vumbini, umri ule, akaanza kumwimbia mbwa kwa Kinyamwezi. Nilirudi nyumbani na sikuweza kula. Niliogopa kwa ajili ya mbwa, nikaogopa zaidi kwa ajili ya Salum, na nilijichukia.

Kesho yake Watachoka alikula, akalamba na sufuria. Mpaka leo sijui alikuwa na nini. Siku ya kumi alimbwekea Mzee Salum kwa nguvu zake zote, na Salum akacheka mpaka akashika ukuta.

Vijana mnaoingia kazi hii huniuliza jambo kubwa nililojifunza. Nililifundishwa siku ya kwanza, nikalielewa uzeeni.

Wiki iliyofuata nilirudi na chanjo mpya, nikianza kwake kabla ya nyumba nyingine zote. Bibi alinizuia mlangoni. Akafungua kasha mwenyewe, akazamisha mkono wake wenye mikunjo ndani ya barafu, akaukalisha humo mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi.

"Baridi," akasema. "Haya, mchome."

Akanisogezea kiti.