Chupa ya Mnada wa Kanisani

Nilizinduliwa na harufu ya nyama inayoungua. Nikajiuliza nani anachoma nyama jikoni kwangu asubuhi yote hii. Kumbe ni mkono wangu, umelala katikati ya mafiga. Vidole vitatu walivikata hospitali, Arusha mjini.

Sukari ninayo miaka mingi, na vidonge vya kliniki nilikuwa nameza bila kukosa. Jumapili moja baada ya ibada, pale kwetu Kikatiti, ukafika mnada wa sadaka. Ndizi zikaenda, mayai yakaenda, kisha mzee wa kanisa akainua chupa ya maji ya kahawia. Ilitolewa na muuza dawa za miti wa Kikwe.

“Dawa ya sukari, wapendwa! Imeshaombewa!” Akanigeukia. “Mama, sukari unayo, sauti ya kutaja bei huna?”

Watu wakacheka. Nikainunua. Kitu kimetoka madhabahuni, ningekiuliza maswali?

Nikawa nakunywa kikombe asubuhi, kikombe jioni, na vidonge juu yake. Siku ya tatu nimeinama kuchochea moto, likanitoka jasho la baridi. Baada ya hapo sijui kitu.

“Dawa hiyo ni ya mti gani?” daktari aliniuliza.

“Sijui.”

“Kuna miti inashusha sukari kweli, mama. Vidonge navyo vinashusha. Umevichanganya, ikashuka mpaka ukazimia.”

Hilo ndilo linaloniuma. Yangekuwa maji matupu ya mtoni, leo ningekuwa na vidole vyangu. Na nesi wa kliniki, miaka yote hiyo ananitoboa kidole, hajaniuliza hata siku moja kama natumia mitishamba.

Nilikwenda Kikwe kwa yule muuza dawa. Nikamwamkia shikamoo, kwa adabu.

“Marahaba. Si umeona? Imeshusha!” Mti akakataa kuutaja, eti siri ya marehemu baba yake.

Mzee wa kanisa naye: “Sisi tulinadi sadaka, mama. Dawa hatukuuza.”

Jumapili iliyopita wamenadi nyingine. Kainunua jirani yangu, mwenye vidonge kama vyangu. Nikamsihi aimwage. Akanijibu, “Wewe hutaki nipone?”

Basi nawataka muuza dawa na mzee wa kanisa wasimame mbele ya usharika, na nesi awepo. Waseme ni mti gani, kipimo chake kiasi gani, na mtu wa vidonge anywe au asinywe. Wajibu sasa hivi. Jirani anakunywa tangu jana.