Gari la Mashindano Alilotunza Baba

Msimamizi, naomba jina langu libaki kwako. Nina umri wa miaka sabini na miwili, mjane na mwalimu mstaafu, na ninaishi Miyuji, Dodoma. Wengi mnaosoma hapa ni sawa na wajukuu zangu, nami sikuzoea kuwaeleza wajukuu mambo ya nyumbani. Lakini wenzangu niliozoea kuwauliza wamekwisha kufa, na ndugu walio hai wamekwisha kuamua.

Kwetu ni Busi, Kondoa. Nilipokuwa msichana wa shule, magari ya mashindano yalipita kijijini wakati wa masika. Moja liliteleza likaingia korongoni, likavunjika ekseli. Dereva wake alikuwa Mzungu kutoka Nairobi. Yeye alijua Kiswahili, baba alijua Kirangi tu, kwa hiyo nilisimama katikati yao nikitafsiri. Baba aliwaita majirani wenye maksai wakalivuta gari hadi uani kwetu. Mgeni alikula, akalala, na asubuhi akampa baba ufunguo akisema, "Mzee, nitunzie gari hili. Nitarudi kulichukua." Nikatafsiri. Baba akaupokea kwa mikono miwili, akajibu kwamba hiyo ni amana. Lori likamchukua yule mtu, wala hakurudi tena.

Baba alilijengea banda la bati wakati sisi wenyewe tulilala katika tembe la udongo linalovuja. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukalia kiti chake. Wanakijiji walimtania wakimwuliza kama wakwe zake watalishwa matairi, naye alicheka pamoja nao.

Ukaja mwaka wa njaa. Zaituni, mdogo wangu aliyenifuata, akaugua. Mfanyabiashara mmoja wa Kondoa mjini alikuja na magunia ya mahindi, akaahidi pia kumpeleka mtoto hospitali, mradi apewe lile gari. Mama alimpigia baba magoti mbele ya mgeni. Baba alisema, "Nitamlishaje mwanangu mali ya mtu?" Mfanyabiashara akapakia magunia yake akaondoka. Zaituni tulimzika wiki hiyohiyo. Kabla ya hapo mama alimwita baba kwa jina langu, kwa kuwa mimi ni mtoto wake wa kwanza. Baada ya hapo aliendelea kumpikia na kumfulia, lakini hakumwita tena kwa jina lolote.

Baba alipofariki, ufunguo ulibaki kwa Idi, kitinda mimba wetu. Amelitunza gari lile kama alivyolikuta, akilipaka mafuta lisishike kutu na kuwafukuza kuku wasitagie ndani. Sasa figo zake zimekufa. Anaishi kwangu, na anasafishwa damu hospitalini. Ng'ombe wamekwisha, shamba limekwisha, yote kwa kulipia matibabu hayo.

Miezi michache iliyopita alikuja mnunuzi kutoka ng'ambo. Alitueleza kwamba magari ya aina ile yaliyosalia duniani ni machache mno, na kwamba wanaoyanunua hutaka kujua kila mkono yaliopitia, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Ndugu zangu wakamwambia kwamba dereva alimpa baba gari lile liwe shukrani, na kwamba mimi nilikuwepo. Mnunuzi anataka niape hivyo mbele ya wakili. Nilimwuliza habari za dereva. Akajibu kwamba alifariki zamani, katika ajali nyingine. Nikamwuliza kama aliacha watoto. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Mama, hilo niachie mimi."

Nilikwenda kwa shehe. Alinijibu kwamba amana ya marehemu ni ya warithi wake, hivyo tuwatafute kwanza. Kuwatafuta kunataka muda, na muda ndio Idi hana. Ndugu walikuja kwangu kunisihi. Binamu yangu mmoja alisema, "Mwalimu, hatukuombi mali. Tunakuomba ulimi tu."

Juzi, mimi na Idi tuliporudi kutoka hospitali, nilikuwa namkanda miguu iliyovimba, akasema bila hasira, "Dada, Zaituni alikufa ili gari lile lisiuzwe. Ukisema lilikuwa letu, basi alikufa bure. Usiposema, mimi namfuata." Kisha akaomba maji. Nikampa kile kikombe kidogo alichoruhusiwa na daktari, akaniomba kingine, nikamnyima.

Mnunuzi anarudi Alhamisi. Walioyasikia maneno ya yule dereva wamekufa wote, nimebaki mimi. Nikiyageuza, hakuna atakayenikanusha. Nishaurini, wanangu: nimzike ndugu wa pili kwa sababu ya gari lile, au niape uongo juu ya kaburi la wa kwanza? Andikeni kwa upole. Idi ndiye aliyenionyesha ukurasa huu, naye atayasoma majibu yenu kabla yangu.