Anampitisha Tena Katikati

Kila Jumapili baada ya ibada, mwalimu wa kwaya yetu hapa Columbia Heights hutazama ule mpira wa Marekani wa kubeba mkononi akiwa jikoni mwa kanisa, joho bado mwilini. Kila shambulizi linapoanza huinua upawa juu, kana kwamba anawaingiza waimbaji wa sauti ya pili. Hasira zake zote humwendea kocha wa timu yake, anayepanga mashambulizi. "Ona, anampitisha tena katikati," husema kwa sauti ya msibani. "Ukuta wa mabeki anauona, mbeba mpira wake anaangushwa kila mara, na bado anarudia. Huyu hana mbinu nyingine?" Sisi tunaitikia, maana upawa wa kutupakulia nyama anao yeye.

Jumapili iliyopita timu hiyo ilifungwa, akaketi kumwandikia kocha barua. Alipofika ukurasa wa tatu, Vestine wa soprano akaona nafasi. "Mwalimu, mashindano ya makwaya ni Jumamosi. Tumeshika mkia miaka mitano na wimbo ule ule. Tubadilishe?"

Mwalimu aliweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma.

"Hapana, mama. Mwaka huu majaji hawatautarajia."